Pombe na macho yetu: lutuku, bia, sashe, na saa ya kukimbia hospitali

Kapata ni kambi ya zamani ya wafanyakazi wa Gécamines, na kama kambi zingine za migodi hapa Lualaba, kazi na pombe vinaishi jirani. Mtu anatoka kwenye shimo, ao anashuka kwenye moto yake ao kwenye lori, ana kiu, amechoka, na kopo iko karibu. Pombe inaharibu ini, watu wengi wanajua. Inaharibu tumbo, wanajua. Lakini macho? Hapo wengi wanasema tu: "Macho yake mekundu juu amelewa," na mambo inaishia pale.

Ukurasa huu unaeleza kile pombe inafanya kwenye macho: kile kinachopita baada ya kulala, kile kinachokuja polepole kwa miaka, na kile kinachoweza kumtia mtu upofu kati ya Jumamosi usiku na Jumatatu asubuhi. Kama hauna wakati wa kusoma yote, chukua neno moja: mtu ambaye alikunywa jana, na leo anaona moshi, ukungu ao giza mbele ya macho, usimwache alale. Mpeleke hospitali saa ile ile.

Jicho linaona namna gani

Mwangaza unapita mbele ya jicho na kufika kwenye ngozi nyembamba ya nyuma, ambayo wanganga wanaiita retina. Retina inageuza mwangaza kuwa habari. Habari hiyo inasafiri ndani ya mshipa wa fahamu wa jicho mpaka kwenye ubongo, na ni ubongo ndio unatuambia: huyu ni mama, hii ni noti ya franga elfu moja, ile ni lori inakuja.

Mshipa huo ni kama waya wa umeme. Ampuli inaweza kuwa mpya, lakini kama waya umeungua, nyumba inabaki giza. Ndani ya mshipa wa jicho moja kuna nyuzi ndogo zaidi ya milioni moja, na zile zinazokufa hazioti tena. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na macho mazuri kwa nje, bila kidonda, bila wekundu, na hata hivyo haoni. Na ndiyo maana miwani haimsaidii: miwani inasaidia upande wa mbele wa jicho, haitengenezi waya.

Pombe inaweza kugusa kila kituo cha safari hii: misuli inayogeuza jicho, retina, mshipa, na ubongo wenyewe.

Usiku ule ule wa kunywa

Macho mekundu yanatokea juu pombe inapanua mishipa midogo ya damu kwenye weupe wa jicho. Wekundu huo unapita. Pombe pia inakausha mwili, na jicho kavu linawasha zaidi, sana sana wakati wa kiangazi tunapokula vumbi la lori kuanzia asubuhi. Mtu anasugua macho kwa mikono michafu, na kesho ana maambukizi.

Kuona vitu viwili badala ya kimoja kuna sababu yake pia. Kila jicho linaongozwa na misuli sita, na macho mawili yanapaswa kutazama mahali pamoja kwa wakati mmoja. Pombe inachelewesha amri za ubongo. Jicho moja linafika, lingine linabaki nyuma, na mtu anaona barabara mbili. Wengine wanafumba jicho moja ili barabara ibaki moja, halafu wanaendelea kuendesha. Hiyo ni hatari juu ya hatari: mwenye jicho moja wazi amepoteza upande mmoja wa barabara, na hajui vizuri lori iko mbali ao karibu.

Hata kabla ya kuona viwili, pombe imeshapunguza mambo ambayo mwenyewe hasikii. Jicho linachelewa kurudi sawa baada ya kupigwa na taa za gari. Mtu anatazama katikati tu, anasahau pembeni, pale mtoto anatokea akikimbia. Wamotari wanaobeba watu usiku kati ya Kapata na Kolwezi mjini, na madereva wa lori za madini, wanafanya kazi ambayo jicho ndilo chombo cha kwanza.

Kahawa haiondoi pombe kwenye damu, maji ya baridi kichwani hayaiondoi. Ni ini tu, na ini halina haraka. Chupa moja kubwa ya bia yetu, kama Simba ao Tembo, inahitaji karibu masaa matatu ili mwili uimalize. Piga hesabu: chupa tatu ni karibu masaa tisa. Mwenye kumaliza ya tatu saa tano ya usiku anaweza kupanda moto saa kumi na mbili ya asubuhi akiwa bado na pombe ndani, hata kama anajisikia mzima.

Tena kuna ajali za macho zenyewe. Mchimbaji aliyelewa anapiga jiwe bila kujilinda, kipande kinaruka. Ugomvi kwenye nganda unaisha na chupa usoni. Kama kitu kimeingia ndani ya jicho, usikichomoe, usimwite mtu akitoe kwa ulimi ao kwa njiti, usitie maziwa ya mama ao maji ya majani. Funika jicho kwa kikombe safi bila kulibana, na uende hospitali.

Miaka inapopita: giza linalokuja polepole

Kuna mnywaji ambaye halewi sana mbele ya watu, lakini anakunywa kila siku, anavuta sigara, na anakula kidogo. Kwake yeye ugonjwa unakuja bila maumivu. Kwanza anaona kama kuna doa ao ukungu katikati ya kile anachotazama, kwenye macho yote mawili. Pembeni anaona, katikati hapana. Herufi za telefone zinamshinda. Anapitana na jirani bila kumsalimu, watu wanasema amekuwa na majivuno. Rangi zinafifia, nyekundu inakuwa kama ya kufua, na anaanza kuchanganya noti za franga.

Hapa pombe haikuchoma mshipa moja kwa moja. Imeufanya ulale njaa. Mshipa wa jicho unahitaji vitamini za kundi B, sana sana B1, B12 na ile inayoitwa foliki. Mwenye kunywa sana anashiba kopo, kwa hiyo sahani inapungua. Hata kile kidogo anachokula, pombe inazuia tumbo na ini kukitumia vizuri. Moshi wa sigara unaongeza sumu yake juu. Bukari peke yake na chumvi haiwezi kulipa deni hilo.

Njaa ya mshipa si jambo la Kongo peke yake. Katika kisiwa cha Kuba, kati ya 1991 na 1993, watu zaidi ya 50,000 walipatwa na ugonjwa wa mishipa, na wengi wao macho yaliingia ukungu. Nchi ilikuwa katika shida kubwa ya chakula baada ya msaada wa Umoja wa Kisovyeti kukatika. Waliochunguza waliona kwamba kukosa vitamini, pamoja na sigara na pombe, vilikuwa ndani ya mambo hayo. Serikali iligawa vitamini kwa raia, na wagonjwa wapya wakapungua.

Habari njema ni kwamba, kama mtu anafika mapema, macho yanaweza kurudi, mara nyingi kwa wiki ao miezi. Dawa ni tatu pamoja: kuacha pombe na sigara, kula vizuri, na vitamini ambazo munganga anaandika. Chakula si lazima kiwe cha tajiri. Sombe, lengalenga na maharagi vina foliki. Maharagi na karanga vina B1. Samaki, hata ndakala wadogo, mayai na maini vina B12. Lakini anayengoja mwaka mzima akisema "ni uzee tu" anakuta nyuzi zimekwisha kufa, na hapo chakula hakirudishi kitu.

Ugonjwa mwingine wa kukosa B1 hautaki kungoja hata siku moja. Mnywaji wa siku nyingi anaanza kuona viwili akiwa hajalewa, macho yake yanachezacheza yenyewe, anayumba kutembea, na anachanganyikiwa. Familia inasema: "Amekunywa tena." Kumbe hakunywa. Huyu anahitaji sindano ya B1 haraka, juu ubongo unaharibika. Mwambieni munganga wazi kwamba ni mnywaji, hata kama mnaona haya. Serumu ya sukari ikitiwa kwa mtu wa namna hii bila B1 inaweza kumzidishia ubaya, na munganga hawezi kujua kile ambacho mmemficha.

Ini likichoka juu ya pombe, vitamini A nayo inakosa mahali pa kukaa, na mtu anaanza kutoona wakati jua linazama. Lakini asijinunulie vidonge vya vitamini A sokoni: kwa ini lililoharibika, kipimo kikubwa ni sumu. Apimwe kwanza.

Pombe nyingi inapandisha pia damu, yaani tansio, na tansio inapasua mishipa midogo ndani ya retina. Mwenye kisukari anayekunywa anaongeza mzigo juu ya mzigo.

Na kwa mama mwenye mimba: pombe anayokunywa inafika kwa mtoto tumboni. Mtoto anaweza kuzaliwa na mishipa ya macho midogo, na makengeza, ao na macho yasiyoona vizuri maisha yake yote. Hakuna kipimo cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mimba, hata kikombe kidogo kinachosemwa kuwa kinaongeza damu.

Si kila giza ni pombe

Tuseme jambo hili waziwazi, juu linawapoteza watu wengi. Mtu akipoteza macho na alikuwa mnywaji, mtaa mzima unahukumu: ni pombe. Lakini anaweza kuwa na mtoto wa jicho, ambaye anatolewa kwa operesheni na mtu akaona tena. Anaweza kuwa na glakoma, ugonjwa wa presha ndani ya jicho, ambao unashika sana watu weusi, unakuja bila maumivu, na unaanzia pembeni. Glakoma haiponi, lakini dawa zinaweza kuizuia isiendelee. Wengine wanasema eti pombe inapunguza presha ya jicho. Inaipunguza kwa masaa machache tu, halafu inarudi. Hiyo si dawa.

Kwa hiyo mnywaji ana haki ya kupimwa kama mtu mwingine yeyote. Hukumu ya mtaa haipimi jicho.

Sumu ya usiku mmoja: metanoli

Sasa tufike kwenye hatari kubwa kuliko zote.

Alkoli ziko za namna nyingi. Ile ya bia, ya lutuku na ya whisky inaitwa etanoli. Ndugu yake anaitwa metanoli. Metanoli ni ya kazi ya viwanda: kuyeyusha rangi, kutengeneza kemikali zingine, kazi za maabara, kuzuia maji yasigande kwenye mashine. Inafanana na etanoli kwa rangi, na harufu yao inakaribiana. Mtu anaikunywa, analewa kidogo, na hajui.

Metanoli ikiwa bado metanoli, haijafanya ubaya mkubwa. Ubaya unakuja pale ini linapoanza kuivunja. Inageuka kwanza kuwa formaldehidi, halafu asidi ya formiki, na hii asidi ndiyo inayokaba nyuzi za mshipa wa jicho na retina, inazinyima pumzi. Kazi hiyo inachukua wakati: mara nyingi masaa 12 mpaka 24. Na kama mtu alichanganya metanoli na pombe ya kawaida, inachelewa zaidi, juu ini linapenda kuvunja etanoli kwanza.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mtu amekunywa Jumamosi jioni. Usiku yuko sawa. Jumapili mchana kichwa kinamuuma, tumbo linakata, anatapika, anahema haraka, na macho yanaanza kuona kama moshi, kama theluji ya televisheni. Kila mtu nyumbani anafikiri ni kichwa cha asubuhi cha walevi wote. Wanamwambia alale, ao anakunywa kopo lingine "ili kichwa kishuke". Anaamka jioni na anauliza kwa nini hawajawasha taa. Huko Kenya watu bado wanasimulia habari za wanywaji waliouliza nani amezima taa, kumbe taa ilikuwa inawaka.

Na si hadithi tu. Mwezi wa 11, 2000, katika mitaa ya maskini ya Mukuru huko Nairobi, pombe yenye metanoli iliua watu zaidi ya 130, na wengine walibaki vipofu. Mwaka 2005 ilikuwa Machakos, na karibu watu 50 walikufa. Mwaka 2010 ilikuwa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, kwenye waragi iliyochanganywa, watu wengi walikufa. Mwezi wa tano 2014 Kenya ilipigwa tena: wagonjwa karibu 341, na karibu 100 kati yao walikufa. Iran, mwaka 2020, mamia ya watu walikufa juu waliambiwa kwamba alkoli inaua virusi vya korona ndani ya mwili.

Metanoli safi ya mililita 10 tu, yaani vijiko viwili vidogo, inaweza kumtia mtu upofu. Mililita 30 inaweza kuua.

Je, lutuku yetu?

Lutuku ina historia ndefu hapa Katanga. Wakoloni waliikataza, na haikukoma. Baada ya 2003, wakati zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa ule mpango wa kuacha kazi kwa hiari, familia nyingi za kambi zilibaki bila mshahara, na pipa la lutuku liliwalipia watoto wengi masomo. Hatuandiki haya ili kuwatukana wamama hao. Wengine wetu tumesoma kwa makuta hiyo.

Ukweli ni huu: unga wa mahindi na muhogo ukichacha unatoa metanoli kidogo sana. Katika sehemu nyingi ambako watu wamekuwa vipofu kwa wingi, sababu ilikuwa mtu kuongeza alkoli ya kiwanda ndani ya pombe, ao kuiuza kabisa badala ya pombe, ili apate faida ya haraka. Kwa hiyo lutuku haipofushi juu ya jina lake. Inapofusha juu ya kile kilichotiwa ndani, na juu ya chombo.

Chombo nacho kina maneno yake. Tuko katika mji wa migodi, kemikali ziko, na bidoni zake zinazunguka sokoni baada ya kuoshwa kidogo. Bidoni iliyobeba kemikali haifai kubeba kitu cha kunywa, hata ukiiosha mara kumi. Bomba na radieta za magari za zamani zinazotumiwa kupozea mvuke wa pombe zinaweza kutoa risasi, ile metali nzito, na risasi pia inaharibu mishipa na ubongo.

Watu wana vipimo vyao vya kienyeji. Wanasema washa moto: ukiwaka buluu, pombe ni nzuri. Si kweli. Mchanganyiko wa etanoli na metanoli unaweza kuwaka buluu vizuri, na moto wa metanoli safi hauonekani vizuri mchana. Wanasema onja: ulimi haujui. Wanasema mwenye kuuza amekunywa mwenyewe na yuko mzima: lakini yuko mzima leo, na sumu hii inasema kesho. Kipimo cha kweli kinafanyika maabara.

Sashe na vichupa vidogo vya whisky navyo si kinga. Tanzania ilikataza viroba tangu tarehe 1 mwezi wa tatu 2017, kwa sababu bei ndogo na ukubwa wa mfukoni vilifikisha pombe kali kwa watoto wa shule. Ukikuta sashe bila jina la kiwanda, bila tarehe, yenye maandishi yanayofutika kwa kidole, ao chupa ambayo kifuniko kimefunguliwa mbele yako kikiwa tayari kimelegea, iache.

Mambo ya kufanya saa ile

Dalili za kuangalia kuanzia masaa machache mpaka siku mbili baada ya kunywa: macho kuona ukungu, moshi, nukta nyeupe ao giza; mwangaza kuumiza macho; kutapika na tumbo kukata sana; kuhema haraka bila kukimbia; kuchanganyikiwa; usingizi usioamshika. Macho yakiguswa, hata kama hakuna dalili nyingine, ni safari ya hospitali.

Usimpe maziwa, mafuta ya mawese ao maji ya chumvi ili atapike. Hayatoi metanoli kwenye damu, na yanaweza kumpalia. Kama amelala na hajitambui, mlaze kwa ubavu. Chukua chupa, sashe ao kopo alichokunywa, hata kama kimebaki tone moja, uende nacho. Tafuta wote waliokunywa naye, hata wale wanaosema wako wazima, juu wengine saa yao haijafika.

Mkifika, semeni neno hili: "Tunaogopa metanoli." Semeni alikunywa nini, saa ngapi, na macho yalianza saa ngapi. Wanganga wana njia za kupigana na sumu hii: dawa ya kupunguza asidi kwenye damu, vitamini ya foliki, dawa inayoitwa fomepizoli ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa za lazima, na mashine ya kusafisha damu. Pale fomepizoli haipatikani, wanganga wanaweza kutumia etanoli yenyewe, kwa kipimo, ili ini lishughulike nayo na kuacha metanoli itoke. Huko Vietnam, wanganga waliokoa mgonjwa mmoja kwa kumtilia tumboni makopo 15 ya bia, kidogo kidogo, wakingoja mashine ya kusafisha damu.

Tunajua mtu atasoma hapo na kusema: basi nitampa bia nyumbani. Hapana. Wale walikuwa wanapima damu kila wakati. Nyumbani hakuna kipimo. Bia itaficha dalili na kumchelewesha, ao itamkaba akiwa usingizini.

Anzeni na kituo cha afya kilicho karibu kama hospitali ya mjini iko mbali, lakini msilale pale kama hawana njia ya kusaidia. Ombeni mgonjwa ahamishwe hospitali kubwa ya Kolwezi mapema. Kama wanganga wa Kolwezi wanaona lazima aende mbele zaidi, Lubumbashi iko karibu kilometa 300, na kilometa hizo zote ni wakati. Saa moja iliyopotea nyumbani kwa aibu hairudi barabarani.

Kwa wauzaji, wakubwa wa mitaa na wenye kutaka kuacha

Mama muuzaji, usinunue alkoli ya kuongeza kutoka kwa mtu usiyemjua, hata kama bei ni nzuri na anasema ni ya kiwanda. Tumia vyombo ambavyo havijabeba kitu kingine ila chakula. Mteja akirudi akisema macho, usimfukuze na usifiche pipa: simamisha kuuza, waambie wengine waliokunywa, uende nao hospitali. Kuokoa watu kwanza. Maneno mengine yatafuata.

Wakubwa wa mitaa, wachungaji, wakubwa wa vikundi vya wachimbaji na vya wamotari: mkisikia watu wawili ao zaidi wa mtaa mmoja wamepatwa na macho baada ya kunywa, msingoje wa tatu. Mpelekeeni habari munganga mkuu wa zone ya afya siku ile ile. Pombe mbaya ya bidoni moja inaweza kuwa imeuzwa kwenye meza kumi.

Na wewe uliyechoka na pombe: kama umekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, usiache ghafla peke yako nyumbani. Mwili uliozoea unaweza kutetemeka, kuona vitu visivyoko, hata kuanguka kifafa. Nenda kwa munganga, mwambie ukweli, akusaidie kushuka kwa utaratibu na akupe B1. Halafu omba akupime macho. Soma herufi kwa jicho moja, halafu kwa lingine. Kama katikati kuna doa, umefika kwa wakati ambao kitu bado kinaweza kufanyika.

Ukimaliza kusoma, msomee mtu mwingine kwa sauti, sana sana mwenye hasomi ao mwenye macho yamechoka. Zile dalili za Jumapili mchana, nyumba nzima inapaswa kuzijua, juu mgonjwa mwenyewe mara nyingi amelala.